“You” au “your” kabla ya -ing: kalamu nyekundu ya mkuu wa shule

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi katika shule moja huku Nyanda za Juu Kusini. Niliandika barua ya Kiingereza kwa wafadhili waliotutembelea, mkuu wa shule akanirudishia ikiwa na kalamu nyekundu sehemu tatu. Nilipoandika “We appreciate you supporting our school”, amekata “you” akaweka “your”. Nilipoandika “You saw our pupils sitting on the floor”, ameongeza ritifaa ikawa “our pupils' sitting”. Na pale niliposema “There is a danger of the roof falling in”, kaandika “the roof's falling in”. Anasema neno lolote linalotangulia -ing lazima liwe la kumiliki, ndivyo walivyofundishwa zamani. Mimi sheria hiyo sikuwahi kuisikia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye sahihisho la kwanza mkuu wako ana haki ya kupenda “your”, ila hana haki ya kuiita “you” kosa. La pili amekosea kabisa. La tatu hajavunja sarufi, lakini kajisumbua bure, na sentensi yako ilikuwa nzuri kuliko yake. Sheria aliyoishika ipo kweli. Tatizo ni kwamba aliipokea bila mipaka yake.

Tuanzie nyumbani, maana jambo hili Mswahili analijua hata kabla hajafungua kitabu cha Kiingereza. Mtu akisema “Kuja kwake kulitushangaza”, neno “kuja” hapo ni jina. Liko ngeli ya KU, lina upatanisho wake katika “kulitushangaza”, lina na kimilikishi chake, “kwake”. Pamoja na hayo halijasahau asili yake ya kitenzi. Linaweza kubeba mtendwa, kama “kunisaidia kwako”, na linaweza kukanushwa, kama “kutokuja kwake”. Sasa mwingine aseme “Nilimwona akija”. Hilo “akija” si jina la kitu chochote, linaeleza tu yule mtu alikuwa katika hali gani macho yangu yalipomwangukia. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayechanganya hayo mawili, kwa sababu moja limevaa ku- na jingine limevaa -ki-.

Kwa Waingereza yote mawili ni “coming”. “His coming surprised us.” “I saw him coming.” Zamani sana haikuwa hivyo. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, jina la tendo liliishia kwa -ung au -ing, na neno la kueleza hali ya mtendaji liliishia kwa -ende. Karne zikapita, miisho ikasogeleana mdomoni, mpaka pande zote mbili zikabaki na -ing moja. Ni ndugu wawili wanaoazimana kanzu: ukimwona mmoja kwa mbali huna hakika ni nani mpaka uangalie anafanya kazi gani. Yule ndugu wa kwanza, jina la tendo, wanasarufi wa Kiingereza humwita jerandi, na shuleni kwetu tulimwita kitenzi-jina. Sheria ya mkuu wako inamhusu huyo peke yake.

Kwa hiyo tulimalize sahihisho la pili, ambalo ni jepesi. “You saw our pupils sitting on the floor.” Iseme kwa Kiswahili: “Mliwaona wanafunzi wetu wakiwa wamekaa sakafuni.” Waliowaona ni wanafunzi, na “sitting” inaeleza walivyokuwa. Ukiweka ritifaa umebadilisha kinachoonwa. Unasema “Mliona kukaa sakafuni kwa wanafunzi wetu”, kana kwamba kukaa ni kitu kilichowekwa mezani ili wageni wakitazame. Ndivyo ilivyo kwa vitenzi vyote vya jicho na sikio, “see”, “hear”, “watch”, “notice”, na vingine vya kumkuta au kumwacha mtu katika jambo, kama “find”, “catch”, “keep” na “leave”. “The guard caught him stealing mangoes” ni “Mlinzi alimkamata akiiba maembe”. Aliyekamatwa ni mtu, si tendo la kuiba. Andika “caught his stealing” na msomaji Mwingereza atainua nyusi.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu: isemee sentensi moyoni kwa Kiswahili. Ikikujia yenyewe kwa -ki-, basi ni “him”, “them”, “the pupils”, bila ritifaa. Ikikujia kwa ku- na kimilikishi, hapo ndipo “his”, “their” na “the pupils'” zinaruhusiwa kuingia. Nimesema zinaruhusiwa tu, kwa maana utakayoiona.

Tuje kwenye “We appreciate you supporting our school”. Kiswahili chake ni “Tunathamini kuisaidia kwenu shule yetu”. Ni jina, ni ku-, kipimo kimekubali, kwa hiyo “your supporting” ina mlango wa kuingilia. Lakini jisikilize unavyozungumza kila siku. Je, husemi pia “Tumefurahi ninyi kuisaidia shule yetu”? Husemi “Yeye kuchelewa kulituudhi”, pembeni ya “Kuchelewa kwake kulituudhi”? Tunayasema yote mawili. La kimilikishi lina tai shingoni, lile la “yeye kuchelewa” limevaa shati la kawaida. Kiingereza kina jozi hiyo hiyo, “his being late” na “him being late”, na tofauti ya mavazi ni ile ile.

Sasa nani aliwaambia watu wa kizazi cha mkuu wako kwamba shati la kawaida ni kosa? Uzi huu ukiuvuta unafika kwa mtu mmoja, Henry Watson Fowler. Alikuwa mwalimu wa shule aliyeacha kazi, na baadaye akahamia kisiwa cha Guernsey, alikokuwa akiandika pamoja na mdogo wake Francis. Mwaka 1906 ndugu hao walitoa kitabu cha matumizi ya Kiingereza, na ndani yake wakaupa muundo wa “you supporting” jina ambalo kwa Kiswahili ningelisema ni “-ing ya kuchomelewa”, kama vyuma viwili alivyovichomelea fundi asiyejali. Mwaka 1926 Fowler alitoa kamusi yake kubwa ya matumizi, na humo hasira zilikuwa zimepanda. Aliona kwamba watu wakishazoea kusema “upon you giving” bila kushtuka, hawatakumbuka tena kuwa sarufi ina maana.

Hoja yake ilisimama juu ya sentensi tatu kuhusu wanawake na kura. Usisahau wakati wenyewe: Uingereza iliwapa kura wanawake wa miaka 30 na kuendelea mwaka 1918, na usawa na wanaume ukaja 1928, kwa hiyo alikuwa anachezea moto wa siku zake. Ya kwanza: “Women having the vote share political power with men.” Hapo “having” inawaeleza wanawake: wanawake wenye kura wanagawana madaraka na wanaume. Ya pili: “Women's having the vote reduces men's political power.” Hapo ni jerandi yenye kimilikishi. Ya tatu ndiyo iliyomchoma: “Women having the vote reduces men's political power.” Fowler aliuliza, kiima hapa ni nini? Si “women”, maana kitenzi kiko katika umoja. Si “having” peke yake, maana “women” haina kamba ya kuifunga kwayo. Basi, alisema, hii ni chuma kilichochomelewa, haina sarufi ya kuieleza.

Itafsiri hiyo ya tatu: “Wanawake kuwa na kura kunapunguza nguvu za kisiasa za wanaume.” Angalia kiambishi katika “kunapunguza”. Hatukusema “wanapunguza”. Tumesema ku-, na ku- inamwambia kila mwenye masikio kwamba kiima ni “kuwa”, na “wanawake” wako ndani yake kama watendaji. Mtoto wa Kariakoo anaipatanisha bila kufikiri, wala hajachomelea kitu. Ile -s ndogo mwishoni mwa “reduces” inafanya kazi hiyo hiyo kwa Kiingereza: inapatana na tendo zima, haipatani na wanawake. Sisemi Kiswahili kiwe hakimu wa Kiingereza, kila lugha ina baraza lake. Nasema tu kwamba alichokiona Fowler kuwa hakiwezekani katika sarufi, sisi tumekizoea, na tunaweza kuonyesha kwa kidole kinavyofanya kazi.

Hata wakati huo hakukosa mpinzani. Otto Jespersen, mwanasarufi wa Denmark aliyekifahamu Kiingereza kuliko Waingereza wengi, alimjibu mwaka huo huo wa 1926. Alileta mifano chungu nzima kutoka kwa waandishi wa Kiingereza wenye heshima, wa karne zilizotangulia, ili kuonyesha kwamba muundo huo haukuanza na uzembe wa magazeti. Leo wanasarufi wengi wa Kiingereza wanaziona njia zote mbili kuwa ni Kiingereza halali. Lakini walimu wa shule walikuwa wameshamshika Fowler, na hofu ya mwalimu ina umri mrefu. Ndiyo iliyofika hadi kwenye meza ya mkuu wako.

Sahihisho la tatu linaonyesha pale sheria yenyewe inapoanza kukwama. “The roof's falling in” haivunji kitu, ila masikio ya leo yanaona uzito kulimilikisha paa tendo la kuanguka. Kimilikishi kinakaa vizuri zaidi kwenye “my”, “your”, “his”, “their”, na kwenye jina la mtu, kama “Juma's leaving”. Kikifika kwenye vitu visivyo na uhai kinaanza kuchechemea. Mbele kidogo kinaanguka kabisa. Jaribu “What are the chances of that happening?” Utaweka ritifaa wapi? “That's happening” kila mtu ataisoma kama “that is happening”. Jaribu “There is no hope of there being enough desks.” Neno “there” halina umilikishi. Jaribu kumpa ritifaa “the man we met in Mbeya”, upate “the man we met in Mbeya's coming”, na sasa inayokuja ni Mbeya. Fowler mwenyewe aliuona ugumu huo, na ushauri wake ulikuwa kuikimbia sentensi na kuiandika upya. Mimi naona sheria inayokutaka uhame nyumba kila mvua ikinyesha ina kasoro kwenye bati.

Kuna na sehemu ambako ugomvi huu hausikiki kabisa. Sema kwa sauti “the teachers complaining” na “the teachers' complaining”. Umesikia tofauti? Haipo, ipo kwenye karatasi tu. Na “her” ni hivyo hivyo, kwa sababu neno hilo moja ni “yeye” anayetendwa na ni “wake” pia. “We appreciate her helping us” haina atakayeikata kwa wino mwekundu. Mfadhili wenu angekuwa mama mmoja anayetajwa kwa mbali, msingegombana.

Nisikuache ukidhani kwamba siku zote ni hiari, maana wakati mwingine “you” na “your” hazisemi jambo moja. Chukua “My mother-in-law doesn't like my cooking” na “My mother-in-law doesn't like me cooking”. Ya kwanza inasema mapishi yangu hayamwingii: chumvi imezidi, ugali mbichi. Ya pili inasema mama mkwe hapendi mimi nipike, labda kwa sababu haoni vizuri mkwe wa kiume akoroge sufuria yeye amekaa. Ukikosea neno moja hapo umeharibu ukoo. Na “I remember him laughing” inamweka mtu mbele, namkumbuka akicheka. “I remember his laughing” inaweka kicheko mbele.

Zipo pia -ing ambazo zimekuwa majina matupu. Hizo zinadai kimilikishi bila mjadala. Utazijua kwa kuwa zinabeba kivumishi au “of”: “his constant complaining”, “her slow reading of the contract”. Huwezi kusema “him constant complaining”. Ukirudisha kielezi, “constantly”, kitenzi kimefufuka, na “him constantly complaining” inapita.

Hiyo “of” nayo ina mtego wake, na hapa ndipo ninapokionea fahari Kiswahili kidogo. Waingereza wana msemo wa darasani wa kuwatania wanafunzi, “the shooting of the hunters”. Je, wawindaji walipiga risasi au walipigwa? Haijulikani. Sisi tunaingiza -w- na mambo yamekwisha: “kupiga risasi kwa wawindaji” ni jambo moja, “kupigwa risasi kwa wawindaji” ni msiba. Ukitaka Kiingereza kielekee kwa watendaji, “the hunters' shooting” inasaidia. Kimilikishi kina faida zake.

Mwanzoni mwa sentensi naungana na mkuu wako. “His being late annoyed us” ni bora kuliko “Him being late annoyed us”, hasa kwenye barua ya ofisi. Usiandike kamwe “He being late annoyed us”. Ila weka mkato na ubadilishe mwisho: “He being late, we started without him.” Hiyo ni sahihi, ingawa ina harufu ya vitabu vya babu. Ni muundo mwingine kabisa, wa “yeye akiwa amechelewa, tulianza”, sawa na “The bus having broken down, we walked to Makambako.” Ni -ki- tena, na basi halihitaji ritifaa.

Kuna kosa jingine ambalo hukuliuliza, lakini naliona katika barua nyingi zinazoandikwa na watu wetu: “Thank you for your coming.” Limetoka moja kwa moja kwenye “asante kwa kuja kwako”. Kiingereza kinaona “thank you” imeshamtaja mtu, hakuna haja ya kumtaja tena, hivyo ni “Thank you for coming”, “Thank you for supporting us”. Kitenzi “appreciate” hakina “you” yake, ndiyo maana “We appreciate supporting our school” ingemaanisha kwamba mnajisifu wenyewe kwa kuisaidia shule yenu. Hapo “your” au “you” ni lazima. Na usiandike “We look forward to see you” kwa kufuata “tunatazamia kukuona”. Hiyo “to” ni kihusishi, inataka jina baada yake: “to seeing you”, au “to your visit”.

Sasa barua yenyewe. Sentensi ya kwanza mwachie mkuu “your” yake, maana barua ni ya kiofisi na yeye ndiye anayetia sahihi. Hata hivyo mimi ningeandika “We appreciate your support for our school”, nikatumia jina la kawaida na kuondoa -ing kabisa, kama tunavyosema “msaada wenu” bila kuhangaika na “kusaidia kwenu”. Ya pili, mwombe kwa adabu aitoe ritifaa, na umsomee ile tafsiri ya “mliona kukaa sakafuni kwa wanafunzi wetu”. Ataisikia mwenyewe. Ya tatu, kama atang'ang'ania paa lake limilikishwe, usibishane naye. Mpelekee “The roof may fall in when the rains come.” Haina -ing ya kugombania, na mfadhili akiisoma ataanza kuhesabu miezi.